Namna ya kutumia "cheers" Uingereza bila kuaibika

Asubuhi ya kwanza niliyopanda basi Bristol nilidhani abiria wote wamekesha baa. Ilikuwa saa mbili kasoro robo, kale kamvua ka kwao kasikonyesha wala kukatika, na kila aliyeshuka alimgeukia dereva akamwambia "cheers". Mama mwenye kigari cha mtoto, "cheers". Mwanafunzi mwenye sare, "cheers, drive". Mzee wa mkongojo, vilevile. Mimi mtu wa Tanga, neno hilo nilikuwa nalijua mahali pamoja tu: ukumbini, usiku wa harusi, shampeni ikishafunguliwa na MC akapaza sauti, "Upande wa bwana harusi, njooni mgonge cheers!", watu wakapanga foleni na glasi zao wakicheza kuelekea meza kuu. Sasa hawa wanagonga nini na dereva, tena hata chai haijashuka tumboni?

Hawakuwa wanagonga kitu. Walikuwa wanashukuru. Baadaye nikaja kulisikia likitumika kuaga, kufunga barua pepe, kumsuta mtu na, naam, kunywea bia. Wadogo zangu na marafiki zao wanaokuja huku kusoma au kutafuta riziki hunitumia maswali yale yale kila Septemba. Nimejibu sawa? Nimemwandikia profesa hivyo, nimeharibu? Mimi Mwislamu, nalisemaje neno la walevi? Nimechoka kujirekodi sauti WhatsApp nikirudia mambo hayo kwa hayo, kwa hiyo naandika mara moja.

Hatua ya 1: Litengeneze mdomoni kwanza

Anzia hapa, maana hapa ndipo tunapoteleza wengi hata kabla ya kufika kwenye maana. Kwa wiki mbili nzima nilikuwa nikishuka basi namwambia dereva "viti". Ndivyo ilivyokuwa. Sisi irabu zetu ni tano na zimenyooka, na ukilisoma "cheers" kwa macho ya Kiswahili unaona "che" mbele yako. Ukianza na "che", Mwingereza anasikia "chairs", yaani viti. Kuna dereva aliyegeuka mwili mzima akatazama nyuma ya basi, akidhani nimemripotia kiti kilichovunjika.

Anza na "chi" kama ya chimba, teremsha "a" hafifu, ya mtu aliyechoka, kisha funga na "z": chi-az. Liseme upesi, kama pumzi moja. Usimalizie kwa "s" kavu, wala usiongeze "i" ya kwetu mwishoni, ingawa ukisema "chiazi" utaeleweka na hakuna atakayekucheka. Ile "r" iliyoandikwa, sehemu kubwa ya Uingereza hawaitamki. Waskoti, Waayalandi na Wamarekani wanaitamka, na wenyeji wa asili wa Bristol nao wanaivuta vizuri tu. Wewe chagua moja ukae nayo.

Na usiiangushe "z" ya mwisho. "Cheer" peke yake ni kushangilia, kule kwa uwanjani. Mwenye duka akikurudishia chenji ukamwambia "cheer", umemwamrisha akupigie makofi.

Hatua ya 2: Kabla hujajibu, soma mwili wa anayekwambia

Neno likikujia ghafla usikimbilie kamusi. Tazama mikono yake, kisha miguu, kisha uso.

Kama mikono imeshika glasi iliyoinuliwa, unatakiwa heri. Inua na ya kwako. Kama kuna kitu kimetoka mkono mmoja kikaenda mwingine, chenji, chumvi, kalamu ya kuazima, au mlango ulioushikilia ili mwenzio apite, hiyo ni asante. Miguu ikiwa imeshaelekea mlangoni, au simu iko mbioni kukatwa, ni kwaheri. Na kama hakuna jema lolote lililotendeka hapo, tazama uso, maana huenda unasutwa.

Uso wenyewe ndiyo asili ya neno. Katika Kifaransa cha kale "chiere" ilikuwa ni uso, na Kiingereza kilipoichukua kiliichukua kwa maana hiyo hiyo. Kutoka usoni ikahamia kwenye hali ya moyo inayoonekana usoni, iwe njema au mbaya, na mwisho ikabaki ile njema peke yake. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Yohana 16:33, inasema "be of good cheer". Sisi tuliokulia Union Version tunaijua kwa "jipeni moyo". Karne ya 18 likawa pia jina la kelele za kushangilia. Kulisema juu ya glasi ni jambo la mwanzoni mwa karne ya 20. Maana ya asante ni kitinda mimba: ilianza kusikika sana miaka ya 1970. Kwa hiyo ukimwona bibi wa Kiingereza wa miaka tisini anakunja uso kijana akimshukuru kwa "cheers", mwelewe. Yeye alipokuwa msichana, neno hilo halikuwa na kazi hiyo.

Wala tusiwacheke. "Asante" yetu ni Kiarabu, "ahsanta", umefanya vyema. Sisi tulichukua sifa tukaifanya shukrani, wao wamechukua bashasha.

Hatua ya 3: Mezani penye vinywaji

Hapa ndipo wageni wengi hujiamini, na hapa pana kanuni zaidi kuliko wanavyodhani.

Kwanza, katika baa za Kiingereza za kawaida mhudumu hakufuati mezani. Unakwenda kaunta mwenyewe, unaagiza, unalipa papo hapo. Pili, watu hawanunui kila mtu chake. Wananunua kwa raundi. Mmoja anaamka anauliza kila mtu anakunywa nini, analeta vyote, na akimaliza zamu yake, anafuata mwingine. Ukipokea glasi katika raundi ya kwanza umeshaingia kwenye mduara, na ukiondoka kabla ya zamu yako kufika, watakumbuka. Nimemwona kijana wa watu, mstaarabu kabisa, akipachikwa jina la bahili kwa sababu hakuna aliyemweleza hili. Kama huna hela ya kununulia watu watano painti, ambayo ni mililita 568 kila moja, sema mapema tu kwamba utajinunulia mwenyewe. Hakuna atakayekasirika.

Anayekuletea glasi anaiweka mbele yako, unamwambia "cheers". Angalia hapo: umemshukuru au umemtakia heri? Vyote viwili kwa pamoja, na nadhani hapa hasa ndipo neno lilipovukia kutoka kwenye kunywa likaingia kwenye kushukuru. Ni daraja dogo sana, ukilisikiliza vizuri unaliona.

Wote wakishapata, subiri. Usianze kunywa wakati mnunuzi bado anahangaika na sinia. Akikaa, mtu mmoja atasema "cheers", nanyi mtajibu vivyo hivyo, mkiinua glasi hadi kifuani au usawa wa kidevu. Kugonganisha ni hiari. Walio karibu wagonge taratibu, walio mbali wainue tu; hakuna haja ya kulala juu ya meza ili umfikie mtu wa kona ya pili, ukamwagia kila mtu njiani. Mtazame mwenzio machoni japo kidogo. Waingereza hawalishikilii sana hilo, ila ukikaa na Wajerumani ni jambo kubwa, watakwambia. Kisha piga funda moja ndipo uweke chini. Kuinua, kugonga, halafu kuiweka mezani bila kuonja kunaonekana kama umekula kiapo huku umepishanisha vidole mgongoni ili kisikushike.

Ukiwa Uskoti au Ayalandi utasikia "sláinte", inayotamkwa kama "slancha". Ukiwa Welisi ni "iechyd da", kama "yekid da". Yote ni afya, kama ile "afya!" tunayoipaza kwetu glasi zikiinuliwa. Wenzetu wa Goma na Lubumbashi husema "santé" kwa Kifaransa, nayo pia ni afya. Wakikaa meza moja na mtu wa Dar, yeye anadhani kila mara wanamshukuru, na ingekuwa kweli wangemwambia "aksanti".

Harusini na kwenye karamu rasmi mambo ni tofauti kidogo, na kosa langu kubwa lilikuwa huko. Mtu anapomaliza hotuba yake akasema wageni wainue glasi kwa ajili ya bibi na bwana harusi, jibu la ukumbi si "cheers". Jibu ni kurudia jina la mnaowatakia heri: "the bride and groom", wote kwa sauti moja, kisha funda. Mimi nilipaza "CHEERS!" peke yangu, kwa nguvu zile za ukumbi wa Tanga, na ikabidi bwana harusi mwenyewe anionee huruma, akaniinulia glasi kutoka meza kuu. Vivyo hivyo kwenye chakula rasmi kinachofungwa kwa kumwinulia mfalme: mnasimama, mnasema "The King", mnakunywa. Isipokuwa mkiwa na maofisa wa jeshi la majini la Uingereza, ambao kwa mila yao hunywa kwa heshima ya mfalme wakiwa wamekaa. Inasemekana ni kwa sababu dari za meli za zamani zilikuwa chini mno, anayesimama anajigonga kichwa.

Tendo lenyewe wanaliita "toast", neno lile lile la mkate wa kuchoma, kwani zamani walikuwa wakitumbukiza kipande cha mkate uliochomwa ndani ya mvinyo ili kuupa ladha. Sisi hatukuuchukua mkate. Tulichukua neno la kugongea tu, tukalipa kitenzi chetu.

Hatua ya 4: Kama hunywi

Swali hili hunijia zaidi kutoka kwa watu wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu, na naliona ni maswali mawili yaliyofungwa kamba moja.

La kwanza ni neno. Dada mmoja wa Pemba alikataa kwa mwaka mzima kumwambia mtu "cheers", akisema hawezi kushukuru kwa lugha ya kilabuni. Nikamweleza habari ya uso na moyo kama nilivyoeleza hapo juu. Asili yake haina tone la pombe. Glasi imelikuta njiani. Mwenye duka anayekwambia "cheers" kwa mkate uliomlipia hakuwazii ulevi hata kidogo, kama vile wewe ukisema "inshallah" kwa fundi bomba usivyokuwa kwenye hotuba ya Ijumaa. Bado kama moyo wako hautulii, "thank you" na "ta", asante yao ya mkato, zipo, na hakuna mahali utakapoonekana mshamba kwa kuzitumia.

La pili ni glasi. Hapa amua mwenyewe kwa imani yako, mimi nakupa namna tu. Kuinua juisi, soda au maji kunakubalika kabisa. Hakuna anayechungulia glasi yako. Kaunta agiza maji ya soda yenye juisi ya ndimu, ni rahisi na inakuja kwenye glasi ndefu kama za wengine, kwa hiyo hata maswali hayaji. Kama huketi kabisa kwenye meza yenye pombe, mwambie mwenyeji siku kadhaa kabla, kwa sentensi moja: sinywi, nitakuja wakati wa chakula kisha nitaondoka. Usitoe maelezo marefu. Waingereza huona aibu wakipewa maelezo marefu kuliko wanavyoona aibu ukikataa. Na kama umekubali kuketi, basi keti. Usiwahubirie walio na glasi mkononi usiku wa sherehe ya ofisi ya Desemba. Yule dada wa Pemba siku hizi huinua kikombe chake cha chai, na wenzake kazini wameshazoea kumsubiri kipoe.

Hatua ya 5: Shukuru kwa kipimo chake

Hii ndiyo kazi utakayoifanya kila siku, na siri yake ni moja: "cheers" ni asante ya mambo madogo. Kitu kilichomgharimu mwenzio sekunde tano, kishukuru kwa "cheers". Kilichomgharimu usingizi, fedha au heshima yake, tafuta maneno mengine.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Nilipofiwa nyumbani, mfanyakazi mwenzangu alinishikia zamu zangu tatu za usiku, mfululizo, bila kuombwa mara mbili. Niliporudi nikampiga begani, "cheers, mate". Akasema hakuna neno. Lakini nilimwona alivyogeukia kabati lake na kulifunga polepole. Jioni nilimuuliza mama mmoja wa jikoni, akanieleza kama anavyomweleza mtoto: umemshukuru kana kwamba amekupisha kwenye ngazi. Kwao jambo kama lile hushukuriwa kwa "thank you" nzima, kwa utulivu, ukisema ni kwa ajili ya nini, na ikiwezekana kwa kadi. Kadi wanaziheshimu sana hawa watu. Nilinunua ya pauni mbili, nikaandika mistari minne, akaibandika ndani ya mlango wa lile kabati.

Kwa mambo madogo, basi, lisambaze bila woga. Umepishwa njia kwenye lifti: "cheers". Mtu amekuokotea glavu: "cheers". Na usishangae likijibiwa kwa lenyewe. Siku moja kwenye kibanda cha chai nilihesabu. Nimetoa pauni tano, muuzaji, "cheers". Amenipa chenji, mimi, "cheers". Ameniwekea kikombe, mimi tena, "cheers". Nimetumbukiza sarafu kwenye kopo lake la bahashishi, yeye, "cheers". Nikageuka kuondoka, "cheers, mate", nami bila kufikiri nikamrudishia. Chai moja, "cheers" sita, na hakuna aliyekuwa na furaha ya pekee. Ukishukuriwa wewe, majibu ya kawaida ni "no worries" au "you're all right", yaani usijali, au hata "cheers" yenyewe kama mlibadilishana vitu.

Turudi kwenye basi, maana Bristol ndiyo makao makuu. "Cheers, drive" imekuwa alama ya mji, wanaichapa kwenye fulana na vikombe vya kuwauzia watalii. Hilo "drive" ni dereva aliyekatwa mkia, kama vile Nairobi wanavyomkata dereva akabaki "dere". Mtu wa Nairobi akitaka tafsiri kamili, basi "asante, dere", ingawa sijui ni abiria gani wa matatu ameshawahi kuisema. Utaisema lini hasa? Unaposhuka, ukiwa sambamba naye, si ukiwa kiti cha nyuma. Katika miji mingi ya Uingereza basi lina mlango mmoja mbele, kwa hiyo kushuka ni lazima umpitie dereva, na kumpita kimya ni kama kutoka nyumbani kwa mtu bila kuaga. London mnashukia mlango wa katikati, dereva yuko mbali, na watu wanateremka kimyakimya. Watu wa mikoani huwaona wa London hawana adabu kwa sababu hiyo. Mimi naona tatizo ni mlango.

Kila eneo lina kiambatisho chake. "Mate" utaisikia kote, hasa kwa wanaume. Uskoti ni "pal". Kaskazini mwa England mwanamke wa kaunta atakwambia "cheers, love", na dada zangu, na kaka zangu pia, hajakupenda, amekurudishia chenji. Nottingham na Stoke utaitwa "duck". Ndiyo, bata. Ni mapenzi hayo. Wewe mgeni usikimbilie kuviiga, hasa "love", kwani kwa mdomo wa mwanaume asiye wa pale husikika vingine kabisa. "Cheers" tupu inatosha.

Hatua ya 6: Kuaga na kukata simu

Hili halina mengi. Waingereza hawawezi kukata simu kwa neno moja, kama sisi. Sisi tunasema "haya, haya basi, haya sawa, haya", wao wanasema "right, cheers, cheers then, bye, bye-bye". Ukisikia "right" ikifuatiwa na "cheers", mazungumzo yamekwisha; usifungue mada mpya. Afrika Kusini wanaaga nalo hata ana kwa ana bila kuongeza kitu. "Cheerio" ni binamu wa zamani, waachie wazee.

Hatua ya 7: Barua pepe

Linaandikwa mwishoni, herufi kubwa mwanzo, mkato, na jina lako mstari wa chini. Jina la kwanza tu. "Cheers" ikifuatwa na majina matatu na cheo ni kama kanzu juu ya raba.

Usilitumie katika barua ya kwanza kwa mtu usiyemjua. Hapo "Kind regards" inakulinda. Mwache yeye aanze. Profesa au bosi akikufungia kwa "Cheers" mara moja au mbili, mlango uko wazi, mrudishie. Wahadhiri wa Uingereza na Australia hulitumia sana, kwa hiyo hutasubiri muda mrefu. Kwa Wamarekani liache: kwao ni neno la glasi, na asiye Mwingereza akilitia kwenye barua pepe wapo watakaomwona anajikweza.

Usilitie kwenye barua ya kuomba kazi, ya viza, ya rambirambi, na zaidi ya yote ya malalamiko. Mtambo wa kupasha nyumba joto ulinifia mwezi Januari. Nikamwandikia mwenye nyumba kwa upole wote wa Kitanga, nikaeleza, nikafunga na "Cheers". Siku tisa kimya, nalala na koti. Rafiki yangu alipoisoma barua ile akacheka hadi akakaa chini: "Umemwambia hamna haraka." Niliandika upya, maelezo yale yale karibu neno kwa neno, nikafunga na "Yours sincerely". Fundi alipiga hodi kesho yake saa tatu.

Hatua ya 8: Litambue linapokuja na sumu

Umemwagia mtu chai kwenye karatasi zake, anakutazama, anasema "oh, cheers". Umemaliza maziwa kwenye friji ya ofisi, kuna kikaratasi kimebandikwa: "Cheers for the milk." Hiyo ni ndugu wa "asante sana, Mungu akubariki" anayoambiwa mtu aliyekukanyaga mguu kwenye mwendokasi. Unalitambua kwa sauti: "cheers" ya kweli ni fupi na inapanda kidogo au inabaki palepale, ya kusuta inavutwa, inashuka, na mara nyingi inatanguliwa na "oh" au kufuatwa na "for that". Dawa yake ni "sorry" na maziwa mapya. Wewe mwenyewe usilitumie hivi mpaka umekaa miaka, maana likikosewa kidogo tu litaonekana ni shukrani ya kweli, na utakuwa umemshukuru aliyekuudhi.

Lisiguse pia msibani, mahakamani, wala mbele ya daktari aliyekuletea majibu mazito. Wapo wanaolisema hospitali kwa mazoea ya ulimi, na utawaona wanavyojiuma midomo.

Hatua ya 9: Ukipanda ndege kurudi, liteme

Hii wengi wanaisahau. Mwaka juzi nilikwenda likizo Tanga, nikapanda daladala kutoka stendi. Nikafika kwangu, nikagonga bodi, gari likasimama. Nikateremka, na mguu ulipogusa lami ulimi ukajiendea wenyewe: nikamgeukia konda, nikamwambia "cheers", kwa "z" safi kabisa ya Bristol.

Akanitazama juu hadi chini, kiganja kimekunjuliwa.

"Cheers tutagonga jioni, kaka. Nauli kwanza."